Varisi za Mguu na Varisi za Umio
Kijitabu cha afya kwa familia za Mongbwalu

Neno varisi hutumika kwa magonjwa mawili yasiyolingana kwa hatari. Varisi za mguu huonekana kwa macho, na wengi huzeeka nazo. Varisi za umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hazionekani, na zikipasuka zinaweza kuua kwa saa chache. Mkiambiwa kwamba mgonjwa wenu ana varisi, ulizeni kwanza: za wapi?

Maana ya neno

Tumelipokea kutoka Kifaransa, varice, nacho kililitoa katika Kilatini. Waroma wa kale waliita varix mshipa uliotanuka na kujipinda. Kwa Kiswahili "mshipa" hubeba mengi: wa damu, wa fahamu, na kwa wengine hata ngiri. Kwa hiyo mbele ya muganga msiishie kusema "mshipa unaniuma". Onyesheni mahali kwa kidole.

Varisi hupata vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu ikikwama njiani hurundikana, na mshipa hutanuka.

Varisi za mguu

Huwapata zaidi wajawazito, watu wanaosimama kutwa sokoni au kazini, na wale ambao wazazi wao walikuwa nazo. Mguu huwa mzito jioni, na mishipa hututumka.

- Tembeeni mara kwa mara. Msisimame mahali pamoja kwa muda mrefu.
- Mkipumzika, inueni miguu juu ya mto.
- Msichanje mishipa kwa wembe. Itatoka damu nyingi, na kidonda kitachelewa kupona.
- Ikipasuka, mgonjwa alale chali, mguu uinuliwe, na mahali pabanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Kisha apelekwe kwenye kituo cha afya.
- Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa moto, msiukande. Huenda damu imeganda ndani. Nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Varisi za umio

Katika Ituri, chanzo kimoja kikubwa ni bilhazia, au kichocho. Wengi wanaijua kama ugonjwa wa kukojoa damu. Bilhazia ya kwetu, inayojulikana sana kandokando ya Ziwa Albert, ni ya matumbo: mkojo hubaki safi, na mayai ya mnyoo hutoka na choo kikubwa.

Mnyoo huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, kisha huishi katika vena za matumbo. Mayai mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini, nalo hujaa makovu mwaka baada ya mwaka. Damu ya matumbo, isipoweza kupita kwenye ini, hutafuta njia nyingine na kujaza vena nyembamba za umio. Bandama huvimba, tumbo huweza kujaa maji. Homa ya ini aina ya B na pombe kali kama lotoko huharibu ini pia na kuleta varisi hizohizo.

Kujikinga na bilhazia

Tangu dhahabu ya Kilo igunduliwe mwaka 1903, watu wa huku wamechimba na kuosha mchanga wakiwa majini. Konokono anayebeba bilhazia hupenda maji yanayotuama au yanayokwenda polepole, yenye majani.

- Jisaidieni chooni, kamwe si mtoni wala kando ya shimo lenye maji. Choo kikifika majini, konokono huambukizwa.
- Anayeosha mchanga avae buti ndefu akiweza.
- Maji ya kuoga yaliyotekwa mtoni yachemsheni, au yawekeni siku 2 kabla ya kuyatumia.
- Anayeshinda majini, au anayeharisha damu mara kwa mara, apimwe choo kikubwa.
- Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu. Huua mnyoo lakini haimzuii mwingine kuingia. Anayerudi majini apimwe tena.

Msingoje kupambazuke

Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kinachonata kama lami, huenda varisi za umio zimepasuka:

- Mpelekeni mara moja Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mongbwalu. Akihitaji kupelekwa Bunia, kuna kilomita 80 hivi za barabara. Kila saa mnayochelewa nyumbani inapunguza nafasi yake.
- Mlazeni kwa ubavu asije akapaliwa na damu.
- Msimpe chakula, kinywaji wala dawa za mizizi.
- Msimpe aspirini wala ibuprofeni. Huzidisha kutoka damu.
- Ndugu wa kumtolea damu waende pamoja naye.
- Mwambieni daktari kama alifanya kazi majini, aliishi ziwani, au hunywa pombe kali.