Dawa za Lehemu na Vali za Moyo

Homa ya baridi yabisi huanzia kooni, kisha huharibu vali za moyo wa mtoto. Je, statini, dawa za kupunguza lehemu, huzinusuru? Jaribio la Scotland lililochapishwa mwaka 2005, la wagonjwa 155 wa vali zilizoganda chokaa (ugonjwa tofauti, lakini wa karibu), halikuona nafuu. Ushahidi ulio imara umetoka Gulu, Uganda, kwa watoto ambao ultrasaundi ilionyesha dalili za awali: kati ya 399 waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, hali ilizidi kwa 3 tu, kati ya 400 wasiochomwa, kwa 33. Mzazi wa Pangani au Muheza, usikubali kuuziwa statini badala ya sindano hiyo. Aliyeandikiwa statini kwa ajili ya lehemu asiiache bila kumwona daktari.