Vitendakazi Maalumu na Mipaka ya Mfumo wa Aina katika Kompaila ya GHC

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mfumo wa aina wa lugha ya Haskell na vitendakazi vichache ambavyo kompaila ya GHC, iliyoanza kuundwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1989, huvishughulikia kwa kanuni za pekee. Kitendakazi ni kile kinachopokea thamani na kutoa thamani nyingine; aina yake ni tamko la kinachoweza kupokewa na kutolewa. Inadaiwa hapa kwamba kila kanuni ya pekee ni deni: tamko linasema jambo moja, kompaila inatenda jingine.

2.0 Alama ya $

Alama hii hupunguza mabano tu: f $ x ni sawa na f x, na aina yake ni (a -> b) -> a -> b. Tatizo lilizuka ilipotumiwa pamoja na runST, kitendakazi kilichofafanuliwa na Launchbury na Peyton Jones mwaka 1994 ili programu ibadilishe kumbukumbu kwa ndani pasipo mabadiliko hayo kuvuja nje. Kinachopewa runST sharti kiwe halali kwa kila s. Katika mfumo uliotokana na Hindley na Milner, kigeu a hakiwezi kusimama badala ya aina yenye sharti la "kwa kila" ndani yake. Kwa hiyo runST $ m ingekataliwa, ingawa runST m inakubaliwa. Kwa kuwa watungaji programu walikwisha kuuzoea mtindo huo, GHC iliipa $ kanuni yake.

Athari yake si ndogo. Aliyejitungia alama nyingine, akaipa maelezo yale yale na aina ile ile, alikataliwa. Msingi wa lugha za namna hii ni kwamba jina na maelezo yake hupokezana nafasi bila kubadili chochote. Hapa jina ndilo lililoamua. Kiswahili nacho husema kiboko amelala, si kimelala, lakini huko ubaguzi unafuata uhai wa kinachotajwa na unalihusu kundi zima la nomino, ilhali huu ulifuata neno moja.

Mwaka 2020 Serrano, Hage, Peyton Jones na Vytiniotis walipendekeza njia ya kuruhusu aina hizo kwa kitendakazi chochote, nayo ikaingizwa katika GHC 9.2 mwaka 2021. Deni lilipungua, halikwisha: mtumiaji huiwasha njia hiyo mwenyewe, ila kwa $ huwa imewashwa daima.

3.0 Kitendakazi seq

Hiki ni kigumu zaidi. Aina yake, a -> b -> b, inaahidi kwamba hoja ya kwanza haiguswi. Kumbe seq huilazimisha ikokotolewe kwanza. Haskell 1.3 ya 1996 ilidai ruhusa ya pekee ionekane katika aina. Haskell 98 ikaiondoa.

GHC huunganisha foldr na build ili kuepuka orodha za muda, ikigeuza foldr k z (build g) kuwa g k z. Iwapo g ni seq, k ni thamani isiyokokotoleka na z ni 0, jibu la awali ni 0, kwani build seq ni orodha tupu. Baada ya ugeuzaji programu inaanguka. Johann na Voigtländer walionyesha mwaka 2004 masharti ambayo chini yake usawa huo hurejea. Masharti hayo hayamo katika aina, na kompaila haiyakagui.