Paka Wengi na Panya Wengi: Tufanye Nini?

Tunapotembelea kaya za Kihonda na Chamwino mjini Morogoro, au vijiji vya mlimani kama Kinole, tunakuta paka karibu kila ua. Wengine hata mwenyewe hajulikani. Lakini usiku panya wanakimbizana darini na magunia ya mahindi yanatobolewa. Akina mama hutuuliza: paka hawa wana kazi gani?

Kwanza tumjue panya mwenyewe. Panya mweusi ni hodari wa kupanda. Hupita kwenye kenchi na matawi, mahali ambapo paka hamfikii kwa urahisi. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wamemchunguza kwa miaka mingi hapa hapa Morogoro, huingia nyumbani hasa chakula kinapopungua shambani. Jike lake lina chuchu hadi 24, hubeba mimba wiki tatu hivi, na laweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Paka akila wawili leo, pengo hilo hujazwa upesi.

Hatusemi paka hafai. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijijini Eswatini, ambako panya waliwekewa chakula kuzunguka nyumba. Penye paka peke yake, au mbwa peke yake, walikula kama kawaida. Penye wote wawili walikula kidogo, kwa hofu. Kwa hiyo mwenye paka na mbwa ana nafuu, lakini hofu hiyo haitoshi ikiwa chakula kiko wazi.

Na hapo ndipo wengi tunapokosea. Makombo tunayowaachia paka uani usiku ndiyo karamu ya panya. Tuwalishe paka mchana, kisha tuondoe sahani. Mahindi yawekwe kwenye pipa au kihenge cha bati chenye mfuniko unaobana. Asiye na uwezo huo ayainue magunia juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili paka apate njia ya kupita. Kihenge cha nguzo kivishwe bati kwenye kila nguzo, na matawi yanayogusa paa yakatwe. Tundu linaloingia kidole gumba linamtosha panya mdogo. Lizibwe kwa saruji na vipande vya waya.

Sumu ndiyo inayotusikitisha zaidi. Pakiti zisizo na maelezo huuzwa mitaani kwa bei ndogo. Sumu zile zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua. Wakati huo panya anapepesuka, paka anamkamata bila jasho, na paka naye anaweza kufa. Mtaa unapoteza paka wake, na panya waliobaki wanaendelea kuzaa. Tena tumeona sumu ikichanganywa na unga na kuachwa sakafuni, mahali ambapo mtoto anatambaa.

Mtego wa kubana ni bora, ila penye paka wengi una namna yake. Dagaa huwavuta paka pia, kwa hiyo tumia karanga zilizosagwa au nazi iliyochomwa. Weka mtego kando ya ukuta, ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, ili mguu wa paka au mkono wa mtoto usiingie. Mtego mmoja katika nyumba moja hausaidii sana, maana panya wa jirani watahamia. Zungumzeni na balozi wenu, nyumba zote zitege kwa pamoja kila usiku, hasa baada ya mavuno.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Mkojo wa panya huweza kueneza homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mfukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatafukua, kisha nawa kwa sabuni.