Kanisa la Ribe na Watoro Wake

Mtu akiondoka Kikambala na kupanda kuelekea bara hufika nchi ya Waribe, mmojawapo wa makabila tisa ya Mijikenda. Huko Ribe ndiko lilikoanzia Kanisa la Methodisti katika Kenya, mwaka 1862.

Wenye kulileta hawakuwa watu wa Kanisa la Serikali ya Uingereza. Dhehebu lao liliundwa mwaka 1857 na Wamethodisti waliojitenga na wenzao kwa kuwa hawakuridhika kuona mamlaka yote mikononi mwa wachungaji. Walitaka waumini wa kawaida nao wasikilizwe barazani. Mmoja wa wakuu wao, Charles Cheetham, alikisoma kitabu cha safari za Dakta Krapf, aliyewahi kukaa Rabai, akamwomba awaongoze wajumbe wao. Krapf alikuja na vijana wanne, lakini mwaka ule haukuisha kabla hajarudi kwao, na katika wale wanne aliyedumu ni Thomas Wakefield peke yake. Charles New alimfuata mwaka 1863. Nia yao hasa ilikuwa kuwafikia Wagalla. Ribe kilikuwa kituo cha njiani tu.

Lakini waliowafikia wao walikuwa wengine: watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Hapo ndipo penye shida. Utumwa ulikuwa halali katika milki ya Sultani wa Unguja. Kumpokea mtoro ni kuvunja sheria na kuwachokoza wenye mashamba. Kumfukuza ni kumrudisha utumwani. Wamisheni walisitasita, na si ajabu. Watoro hawakungoja shauri liishe: walijenga vibanda, wakalima, wakaingia darasani.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai mali yao kwa nguvu. George Mackenzie, wa Kampuni ya Imperial British East Africa, akapatana nao walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vilitolewa Rabai. Waliokombolewa katika misheni zote za eneo lile walizidi 1,400. Wengi wao walikuwa wa Rabai, misheni ya Kianglikana, na wengine wa vituo vya Kimethodisti. Tazama basi hesabu ile: bwana alipata fedha, na yule aliyemlimia miaka mingi bila ujira alipata karatasi. Hata hivyo karatasi hiyo aliithamini kuliko fedha.

Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti katika Kenya lilianza kujitawala lenyewe.