Kwenda Disney World Bila Kuingia Madeni

Watoto wetu waliozaliwa Columbus, Dallas na Minneapolis wanaijua Disney World kabla hawajajua njia ya kwenda kwa bibi yao Tanga au Kisumu. Wakianza kuiomba, wazazi wengi huuliza bei kwa jamaa aliyekwisha kwenda, wakatajiwa maelfu ya dola, na mazungumzo yakaishia hapo. Wengine huenda kwa kadi ya mkopo, kisha wakalipa riba mwaka mzima. Naamini safari hii inawezekana kwa familia ya kipato cha kawaida, kwa sharti moja: mkubaliane mapema ni mambo gani hamtayafanya. Anayetaka kuona kila kitu ndiye anayefilisika.

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 karibu na Orlando, jimbo la Florida. Ndani yake mna bustani nne za burudani, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, na kila moja ina lango lake. Kuna pia bustani mbili za maji, mahoteli mengi na mtaa wa maduka. Mbili kati ya hizo nne zinatosha kabisa kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Andika jumla kabla ya kutazama bei

Kaeni wazazi wawili, mwandike kiasi mnachoweza kutumia bila kugusa kodi ya nyumba wala pesa za kutuma nyumbani. Hicho ndicho kikomo. Tuseme mmeandika dola 2,500. Njia nyepesi ya kuzipata ni ileile tuliyoizoea, mchezo au chama. Watu kumi wakichanga dola 250 kila mwezi, anayepokea anaondoka na 2,500. Omba zamu yako iangukie miezi miwili au mitatu kabla ya safari, ulipie nyumba na tiketi kwa fedha taslimu iliyo mkononi.

Hatua ya 2: Hesabu watu kwa umri unaotumika langoni

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 ana tiketi ya mtoto, ambayo ni nafuu kwa dola chache tu. Kuanzia miaka 10 analipa kama baba yake. Bibi aliyekuja kutembelea wajukuu naye analipa bei ya mtu mzima, kwa sababu hakuna punguzo la wazee. Basi kama kitindamimba anatimiza miaka 3 mwezi Oktoba, kwenda Septemba kunaokoa tiketi nzima. Hakuna punguzo jingine lolote linalofikia hilo kwa familia yenye watoto wadogo.

Hatua ya 3: Chagua tarehe

Bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe. Tiketi ya siku moja imekuwa ikianzia dola 119 siku za chini, na Magic Kingdom wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka imekaribia au kupita dola 190. Vipindi vyenye nafuu kwa kawaida ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, shule za Florida zikiwa zimefunguliwa, na kati ya Januari na mwanzo wa Februari, ukiiacha wikiendi ya Martin Luther King. Kimbia wiki ya Pasaka, wiki ya Thanksgiving na siku zote kati ya Krismasi na mwaka mpya.

Septemba ina gharama yake pia. Ni joto kali lenye unyevunyevu, kama Dar es Salaam mwezi wa Februari, na mvua za radi hupiga mchana. Tena msimu wa vimbunga Florida ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Kwa hiyo nyumba ya kulala iwe ile inayokuruhusu kufuta na kurudishiwa pesa. Kuhusu kuwatoa watoto darasani, zungumza na mwalimu wao mapema. Siku mbili zilizounganishwa na wikiendi haziwaumizi wengi, wiki nzima inawaumiza.

Hatua ya 4: Chagua bustani mbili

Magic Kingdom ndiyo ile yenye ngome ya Cinderella, na ndiyo yenye michezo mingi kwa watoto wadogo. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka 10 hiyo ni lazima.

Ya pili ningechagua Animal Kingdom, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya nyumbani peke yake, ingawa yamo. Ndani yake kuna kijiji kinaitwa Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya mwambao wetu kama Lamu. Kuta zimechubuliwa plasta makusudi, milango imechongwa, na mabango yameandikwa Kiswahili: huku Duka La Filimu, kule Tamu Tamu pa vinywaji na vitu vitamu. Mtoto ambaye nyumbani anajibu kwa Kiingereza kila akiulizwa kwa Kiswahili, hapo anajikuta yeye ndiye mwenye kujua, wenzake wa shule wangelazimika kumwuliza yeye. Mwacheni awasomee mabango familia nzima. Burudani hiyo haiongezi hata senti.

Katika kijiji hicho ndipo inapoanzia Kilimanjaro Safaris, safari ya lori la wazi ya takriban dakika 20 kati ya twiga, tembo, viboko na simba walio hai. Haina kipimo cha urefu, kwa hiyo bibi na mjukuu wa mwaka mmoja wanakaa benchi moja. Nendeni mapema asubuhi, wakati jua halijawasukuma wanyama vivulini.

Kabla hamjaamua, wapimeni watoto urefu. Treni ya mlimani ya Expedition Everest inataka sentimita 112, Space Mountain vilevile 112, na ile ya migodi ya Seven Dwarfs inataka 97. Mtoto aliyeahidiwa mwezi mzima kisha akarudishwa na mfanyakazi mwenye fimbo ya kupimia atalia, na kilio hicho mara nyingi hutulizwa kwa mdoli wa dola 40. Angalieni pia kwenye tovuti ya Disney ni michezo gani imefungwa kwa matengenezo siku zenu.

Hatua ya 5: Laleni nje, penye jiko

Hoteli za bei ya chini za Disney, kama zile za All-Star na Pop Century, zina faida zake: basi la bure hadi bustanini, maegesho bila malipo na ruhusa ya kuingia nusu saa kabla ya wengine. Kwa wazazi wawili na mtoto mmoja wasio na gari, zilinganisheni kwa makini. Lakini sisi mara nyingi tunasafiri watu watano, sita, na shangazi. Hapo nyumba ya kupanga ya Kissimmee au Davenport inashinda, kwa sababu ina vyumba vitatu, friji, jiko na mashine ya kufulia. Familia mbili zikichangia nyumba moja, hesabu inapungua kwa nusu.

Soma bei hadi mstari wa mwisho. Malazi kaunti ya Osceola, iliko Kissimmee, hutozwa kodi ya asilimia 13.5, na kaunti ya Orange iliko Orlando asilimia 12.5. Juu yake kuna ada ya usafi kwa nyumba, na hoteli nyingi hutoza ada ya huduma ya kila siku. Ongeza pia maegesho ya bustanini, ambayo yamekuwa dola 30 kwa siku kwa gari la kawaida.

Hatua ya 6: Nunueni tiketi, na msidanganyike na bei ya kila siku

Kadiri unavyoongeza siku, bei ya kila siku inashuka. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, wakidhani wanaokoa. Bei ya siku inashuka ila jumla inapanda, na kila siku ya ziada inakuja na maegesho yake, chakula chake na usiku mmoja zaidi wa malazi.

Tuchukue familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 12, wa miaka 7 na wa miaka 2, wanaotoka Atlanta kwa gari. Wa miaka 2 ni bure, wa 12 ni mtu mzima. Tiketi za siku mbili, tukikadiria dola 300 kwa kila mkubwa na 290 kwa mtoto, ni 1,190, na kodi ya asilimia 6.5 inazifikisha karibu 1,267. Maegesho siku mbili, 60. Nyumba usiku nne kwa dola 120, ukiongeza kodi, 545. Usafi, 100. Chakula cha sokoni na mlo mmoja wa bustanini, 250. Mafuta ya kwenda na kurudi na mizunguko ya huko, 180. Jumla ni kama dola 2,400. Mkiongeza siku ya tatu bustanini, tayarisheni mia sita hivi zaidi. Kiasi hicho kwa wengi wetu ni nusu ya nauli ya mtu mmoja kwenda kuwaona wazazi.

Tiketi nunueni kwenye tovuti ya Disney yenyewe au kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Mtu akikuuzia mtandaoni tiketi ambayo "imebaki siku mbili", mwache. Tiketi haihamishwi, langoni inafungamanishwa na aliyeitumia kwanza, na sheria ya Florida inakataza kuuza tiketi ya siku nyingi iliyokwisha kutumika sehemu. Kuna punguzo la kweli kwa wakazi wa Florida na kwa wanajeshi wa Marekani, lakini ni kwa mwenye kitambulisho. Binamu yako wa Tampa hawezi kukununulia wewe kwa jina lake.

Hatua ya 7: Bebeni chakula

Hili wengi hawalijui: Disney World inaruhusu chakula na vinywaji vyenu kuingia langoni. Vilivyokatazwa ni pombe, chupa za glasi, vyakula vya kupasha moto, na barafu iliyomwagwa ovyo au barafu kavu. Kiboksi cha baridi kinaruhusiwa kikiwa cha kiasi, kisichozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46, nacho kipozeni kwa vipande vya barafu vya kufungwa.

Kwa hiyo usiku piga chapati, zikunje na mayai au kuku aliyekaangwa mkavu, zifunge kwenye foili moja moja kwa idadi ya watu. Chapati haimwagiki, haivunjiki mkobani, na mtoto anaila akiwa kwenye foleni. Wali na mchuzi uacheni kwenye friji ya nyumba, muukute jioni. Wanaokula halali wanapata raha mara mbili, maana hawalazimiki kuuliza kila dirisha. Kwa ule mlo mmoja wa kununua, mwombeni mhudumu awaitie mpishi mumwulize nyama inatoka wapi.

Maji msinunue. Migahawa ya kaunta yenye mashine ya soda hutoa glasi ya maji ya barafu bure ukiomba, hata kama hukununua kitu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fikeni langoni saa nzima kabla ya kufunguliwa. Kwa Magic Kingdom ongezeni dakika 45, kwa sababu magari yanaachwa mbali, kisha mnavuka ziwa kwa feri au kuzunguka kwa treni ya reli moja. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye foleni fupi kuliko zote, na ndizo zinazowawezesha kuacha kununua Lightning Lane, ile huduma ya kulipia ili upite njia ya mkato. Andikeni usiku michezo mitatu ya kila mtoto, mmoja ukiwa namba moja. Ya namba moja yote imalizwe kabla ya saa tano.

Mwenye mtoto asiyefikia kipimo aulize mfanyakazi wa mlangoni kuhusu Rider Switch. Mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Ni bure.

Saa sita hadi saa tisa ni jua na umati. Tafuteni maonyesho ya ndani yenye kiyoyozi, au rudini nyumbani mlale. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu wengi huondoka. Ninyi vaeni makoti ya mvua ya plastiki mliyonunua mtaani kwenu kwa dola moja au mbili, msubiri. Ikikatika, foleni zinakuwa fupi tena.

Kigari cha mtoto kitokeni nacho nyumbani, kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132. Vile vigari vya kuvuta havikubaliwi.

Hatua ya 9: Siku moja bila tiketi

Katikati ya safari wekeni siku ya kupumzika. Kuingia Disney Springs, ule mtaa wa maduka, ni bure na maegesho yake ni bure. Watoto waoge bwawani, wakubwa wafue nguo. Zawadi za kupeleka kwa ndugu zinunuliwe siku hii, kwa kiasi alichopewa kila mtoto mkononi tangu mwanzo. Ukimpa dola 25 zake mwenyewe, atazunguka rafu nusu saa akipima, na hatakuomba tena.

Hatua ya 10: Usiku wa kuamkia

Chajini simu na betri ya akiba, maana tiketi, ramani na muda wa foleni vyote vimo kwenye programu ya simu. Chagueni mahali pa kukutana mkipotezana. Waonyesheni watoto picha ya wafanyakazi wa Disney wenye kibandiko cha jina kifuani, muwaambie: ukipotea, mfuate huyu, usimfuate mwingine. Na kila mtoto mdogo aandikwe namba ya simu ya mama mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, kabla hajashuka garini.