Kabla ya Kutia Saini: Somo la Mikataba kwa Vijana Wanamichezo

ELIMU KWA UMMA

Katika miaka ya karibuni, dirisha la wachezaji huru la ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, NBA, limekuwa likifunguliwa jioni ya tarehe 30 Juni. Hapa kwetu huwa ni saa saba usiku, tarehe 1 Julai. Kufikia asubuhi, simu za vijana wetu huwa zimejaa habari za nani amehamia wapi na kwa mamilioni mangapi.

Habari hizo si za mbali kama zilivyokuwa zamani. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika, BAL, na michezo yake ya makundi ilifanyika Kigali. Kijana anayerusha mpira leo katika uwanja wa shule anaweza kesho kuwekewa mkataba mezani. Swali ni je, yeye na mzazi wake wataweza kuusoma?

Baada ya somo hili, mkazi ataweza:
1. kueleza kwa nini kiasi cha pesa pekee hakionyeshi kama mkataba ni wa haki;
2. kutaja ulinzi ambao sheria za Kenya zinampa mwanamichezo kijana;
3. kuukagua mkataba kwa maswali sita.

Mkataba wa chipukizi katika NBA

Mwaka 1994 Glenn Robinson, aliyechaguliwa wa kwanza miongoni mwa chipukizi wa mwaka huo, alipata mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya takriban dola milioni 68 kutoka Milwaukee Bucks kabla ya kucheza hata mchezo mmoja wa ligi. Wamiliki wa timu walilalamika. Baadhi ya wachezaji wa siku nyingi nao waliona chipukizi wanalipwa kuwazidi. Mwaka uliofuata, wamiliki na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka viwango maalumu vya malipo kwa chipukizi wanaochaguliwa katika raundi ya kwanza.

Siku hizi mkataba huo huwa wa miaka minne. Timu hulipa kati ya asilimia 80 na 120 ya kiwango kilichowekwa. Miaka miwili ya kwanza ina uhakika wa malipo. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu: ikitaka inaendelea, isipotaka inamwachilia. Mchezaji hana hiari kama hiyo. Victor Wembanyama wa Ufaransa, aliyechaguliwa wa kwanza na San Antonio Spurs mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 19, aliingia kwa utaratibu huu. Mkataba wake ulikuwa wa takriban dola milioni 55.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, waliokubaliana kuhusu viwango hivyo ni watu waliokuwa tayari ndani ya ligi. Chipukizi ambao wangebanwa na kanuni hiyo hawakuwa na kura. Pili, pamoja na kasoro hiyo, kanuni yenyewe imeandikwa, inajulikana na kila mtu, ina kikomo cha miaka, na nyuma yake kuna chama kinachoweza kumtetea mchezaji. Chama hicho pia huwasajili mawakala, na wakala haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 4 ya mshahara wa mchezaji.

Kisa cha Scottie Pippen

Pippen alizaliwa katika mji mdogo wa Hamburg, jimbo la Arkansas, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 12. Baba yake na mmoja wa kaka zake walikuwa wakitumia viti vya magurudumu. Mwaka 1991 Chicago Bulls walimwekea mkataba mrefu wa takriban dola milioni 18. Alitia saini. Alihofia kwamba akiumia, familia yake ingebaki bila tegemeo.

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini mkataba ulimfunga wakati thamani yake ikipanda. Alisaidia Bulls kutwaa ubingwa mara sita kati ya 1991 na 1998. Katika msimu wa 1997-98 alilipwa takriban dola milioni 2.8, huku mwenzake Michael Jordan akilipwa zaidi ya milioni 33. Alikuja kupata mkataba wa zaidi ya dola milioni 60 mwaka 1999 alipokwenda Houston Rockets, akiwa na miaka 33.

Hakuna aliyemdanganya Pippen. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Funzo ni kwamba kijana mwenye mzigo wa familia huwa tayari kuuza miaka yake mingi ili apate uhakika wa leo. Mkataba wa haki humpa uhakika huo bila kumfungia mlango wa kesho: unakuwa na muda wa wastani, au kipengele cha kuuangalia upya baada ya msimu mmoja au miwili.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza, na kinamlinda dhidi ya kazi za kinyonyaji. Kwa hivyo mwanafunzi asiitwe peke yake ofisini kutia saini. Mzazi au mlezi awepo. Kimataifa, kanuni za shirikisho la FIBA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa idhini maalumu.

Kwa mchezaji aliyeajiriwa na klabu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Asiyeelewa lugha ya mkataba ana haki ya kuelezwa na mwajiri kwa lugha anayoielewa. Kumwomba meneja wa klabu aeleze kipengele kwa Kiswahili si kumsumbua.

Maswali sita ya kuuliza

1. Mkataba ni wa muda gani, na nani ana hiari ya kuurefusha?
2. Kati ya pesa zilizotajwa, ni kiasi gani chenye uhakika, na ni kiasi gani kinategemea ushindi au idadi ya michezo?
3. Nikiumia, nani atalipia matibabu, na je, mshahara utaendelea?
4. Nitaondokaje, kwa notisi ya siku ngapi na kwa gharama gani?
5. Wakala anachukua asilimia ngapi, na kwa muda gani?
6. Tukikosana, tutasikilizwa wapi?

Kuhusu swali la sita, Kenya ina Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na pande zote zikikubaliana zinaweza kulipelekea mzozo wao. Kwa mikataba ya nje kuna baraza la usuluhishi la mpira wa vikapu, BAT, lakini ni lazima mkataba uwe umelitaja.

Kisha fanya jaribio la kugeuza. Soma kila kipengele ukiweka neno "mchezaji" palipoandikwa "klabu", na "klabu" palipoandikwa "mchezaji". Ukiona kwamba klabu isingekubali kipengele hicho kikigeuzwa, omba uelezwe sababu.

Zoezi

Soma mkataba huu wa mfano: "Klabu itamlipa mchezaji shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miaka mitano. Klabu inaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Mchezaji hatahamia klabu nyingine bila idhini ya klabu. Mchezaji akiumia atajigharamia matibabu."

Ukizidisha kwa haraka utapata shilingi 900,000, na nyumbani watashangilia. Sasa soma tena. Klabu imefungwa kwa siku saba tu. Kijana amefungwa kwa miaka mitano. Akivunjika goti mwezi wa pili, atabaki bila mshahara na akidaiwa na hospitali.

Mzazi, usione haya kusema, "Tupeni siku chache tuusome." Klabu yenye nia njema itasubiri. Mwonyesheni wakili, wasio na uwezo wanaweza kuuliza katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kisha ombeni nakala iliyotiwa saini na pande zote, muiweke nyumbani mahali salama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ya ujana ya mwanamichezo nayo ni mali.