Tangi la Choo Halipigi Hodi: Tulipime Kabla Halijafurika



Mabomba ya maji taka hayafiki kila mtaa wa Nakuru, na ukitoka kuelekea Bahati, Njoro au Molo, nyumba nyingi zenye choo cha maji hutegemea tangi la septiki. Tunalifunika, tunaanika nguo juu yake, tunalisahau. Siku choo kinarudisha uchafu ndani ya nyumba ndipo tunatafuta fundi mbio mbio. Somo letu la leo ni kuzuia siku hiyo.

Tangi linafanya nini?

Uchafu mzito unatua chini na kuwa tope. Mafuta na sabuni yanaelea juu kama utando. Maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la kunywea, na udongo unayachuja. Vijidudu vya ndani ya tangi hula sehemu ya tope, lakini si lote. Linalobaki huongezeka kila mwaka. Likifikia bomba la kutokea, linaingia shimo la kunywea na kuziba udongo. Hapo hata tangi likinyonywa, maji hayana pa kwenda. Itabidi uchimbe shimo jingine.

Hesabu ndogo

Tukadirie kwamba mtu mmoja huacha lita 40 za tope kwa mwaka. Tuseme tangi ni la lita 3,000. Tope likifika lita 1,000, yaani theluthi moja, ni wakati wa kunyonya.

- Familia ya watu 6: lita 240 kwa mwaka. Miaka 4 hivi.
- Ploti ya wapangaji 20: lita 800 kwa mwaka. Mwaka mmoja na miezi mitatu tu!

Kwa hiyo mwenye ploti asijilinganishe na jirani mwenye familia ndogo. Na yule anayeuza unga wa "kumaliza tope" asikudanganye. Tope halimalizwi na unga.

Namna ya kupima, mara moja kwa mwaka

1. Tafuta mti mrefu wa kufika chini ya tangi. Zungushia kitambaa cheupe cha taulo kuukuu upande wa chini, ukifunge imara.
2. Vaa glavu. Fungua mfuniko, kaa kando hewa itoke. Usivute sigara wala kuleta moto karibu. Watoto wawe mbali.
3. Ukiwa umesimama nje, shusha mti polepole mpaka chini. Ngoja dakika chache, kisha utoe.
4. Sehemu iliyoshika tope jeusi ndiyo kina cha tope. Ikiwa ni theluthi ya kina chote cha maji, ita lori la kunyonya.
5. Funika vizuri, choma kitambaa, nawa kwa sabuni.

Mtu asiingie ndani!

Hapa tunaomba msikie sana. Ndani ya tangi kuna hewa ya sumu, na hewa safi ni kidogo. Mtu anaweza kuzimia kwa pumzi chache tu. Mwenzake akiruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Usimlipe kijana ashuke na ndoo, hata kama ni bei nafuu na yeye mwenyewe amekubali. Mtu akianguka, paza sauti, ita wazima moto, usimfuate. Na mfuniko uliopasuka ubadilishwe leo, kabla mtoto hajaukanyaga.

Tope liende wapi?

Kodisha lori lenye kibali cha NEMA, uulize linamwaga wapi. Likimwaga mtaroni au mto Njoro, uchafu wako unaishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoka. Tope likipelekwa panapofaa lina faida: kampuni ya maji ya NAWASSCO ilianza kulikausha na kulichanganya na vumbi la mbao, likawa makaa ya kupikia.

Tangi lisilojaa kamwe

Wengine hujisifu: "Langu halijajaa miaka kumi!" Huenda chini halikupigwa sakafu ya simiti. Udongo wetu wa volkano hunywa maji haraka, na uchafu unashuka kwenye maji ya kisima. Kisima kiwe mbali, angalau mita 30 kutoka shimo la kunywea. Na wenye chujio la mkaa wa mifupa wakumbuke: hilo huondoa floraidi, haliui vijidudu. Maji yachemshwe.

Mambo ya kukataa chooni: mafuta ya kupikia, pampasi, sodo, magazeti, majivu, na Jik nyingi kwa mara moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tangi letu lilinyonywa mwaka gani? Nani ameandika?
2. Tunaolitumia ni wangapi? Tupige hesabu pamoja.
3. Katika ploti, mwenye nyumba na wapangaji wanaweza kuweka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya lori?
4. Ni nani kati yetu atapima kabla ya mvua ndefu?